Miaka minne niliswali kama mtu anayelipa marejesho

Assalaam alaykum ndugu zangu. Haya ninayoandika nimeyabeba kifuani muda mrefu, mengine hata mke wangu hakuyajua mpaka mwaka juzi, lakini nimeona niyatoe mana najua kuna mtu sasa hivi yuko pale pale nilipokuwa mimi.

Nafanya biashara ya nafaka Tandale, mchele hasa na maharage kidogo. Nimezaliwa Temeke, madrasa nimeanza na miaka sita, juzuu amma, ile ya mwisho ya Qurani, nilikuwa nayo yote kichwani kabla sijamaliza darasa la tano. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wakisikia fulani alikuwa haswali wanadhani hakufundishwa. Mimi nilifundishwa na bakora nilichapwa.

2009 nilikuwa na miaka 18, nikaanza kubeba magunia sokoni. Unaamka saa tisa usiku kushusha lori, alfajiri inakukuta gunia liko mgongoni, ukimaliza umelowa jasho na vumbi la mpunga unajiambia ngoja nikaoge kwanza ndo niswali, ukishaoga unalala. Nikaanza kuikosa alfajiri. Baada ya miezi ikaondoka adhuhuri, ikafuata alasiri, mwisho nikabaki mtu wa Ijumaa na Ramadhani, na hiyo Ramadhani yenyewe naswali ovyo ovyo. Hakuna siku hata moja niliyokaa chini nikasema leo naacha swala. Ilitoka yenyewe taratibu kama maji kwenye ndoo yenye ufa, na kwa sababu Ijumaa nilikuwa navaa kanzu na kofia nilijiona bado nimo.

Miaka tisa ikapita hivo.

2018 nilikuwa nimeshapata stoo yangu ndogo. Mtaji haukutosha nikaingia kwenye mkopo wa hawa wanaoitwa kausha damu, nikachukua 3,000,000 nirudishe 4,200,000 ndani ya wiki 20, yaani 210,000 kila Jumatatu. Kwamba ni riba nilijua. Nikajidanganya kwamba ni dharura, wakati kula nilikuwa nakula na kodi nalipa, nilichotaka ni kukua haraka tu. Masika ya mwaka ule mtakumbuka mvua ilivyopiga hapa Dar mwezi wa nne, maji yakaingia stoo usiku, gunia 22 zikalowa. Mchele ukishaingiwa na maji ya mtaroni hata kuku huwezi kuwapa. Jumatatu ikafika na 210,000 sina, na wale jamaa wakija hawaongei kwa upole, wanakaa mlangoni kwako wateja wakiona.

Hapo ndo nikamkumbuka Mungu, na nilivyomkumbuka nilimkumbuka kwa makosa mawili.

La kwanza, mwenzangu mmoja wa sokoni akanipeleka kwa mtu anayejiita ustadh, akaniambia nyota yangu imefungwa, biashara imekaliwa, inatakiwa kisomo na mbuzi mweusi. Alichoanza kuniuliza ni jina la mama yangu. Nilitoa 420,000, hela ya kukopa tena kwa shemeji yangu, na siku niliyotoka pale nilijisikia mwepesi kabisa nikaamini mambo yamekwisha. Ndugu zangu, kusomewa Qurani mgonjwa ni jambo linajulikana kwenye dini na mtu mwema anaweza kukusomea bila kukudai kitu. Lakini ukiona mtu anataka jina la mama yako, anakutajia nani kakuroga, anakutajia rangi ya mbuzi, toka hapo hata kama umeshavua viatu. Kuna hadithi kwenye kitabu cha Imam Muslim kwamba anayemwendea mtabiri akamuuliza kitu, swala yake haikubaliwi siku 40. Mimi nilikwenda huko kutafuta baraka.

La pili ndo kubwa zaidi na ndo sababu ya kuandika. Nilirudi msikitini. Utasema hilo si kosa, na kweli kurudi ni kheri, ila sikilizeni nilivyorudi. Usiku mmoja nilikaa kwenye stoo ile inayonuka uvundo nikasema Ya Rabbi, nitaswali vipindi vyote vitano, na Wewe niondolee hili deni. Nikaanza alfajiri ile ile. Na wallahi mambo yakakaa sawa, nikapata mzigo kwa mali kauli, nauza kwanza ndo nalipa, kutoka kwa tajiri mmoja, hadi Disemba deni limeisha. Kichwani mwangu ikakaa kwamba makubaliano yamefanya kazi, kwa hiyo niendelee kulipa nisije nikanyang'anywa.

Ndo maana nasema marejesho. Kwa miaka minne sikukosa kipindi ila kwa nadra, lakini nilikuwa naingia kwenye swala vile nilivyokuwa nampelekea hela yule wa Jumatatu, nimwekee mkononi niondoke. Rakaa nne za adhuhuri nilikuwa namaliza wenzangu hawajafika kwenye tahiyatu ya kwanza. Kurukuu ni kuinama na kuinuka, kusujudu ni kugusa mkeka. Na siku ambayo nimeswali zote tano alafu mauzo yakawa mabaya, nilikuwa nakasirika ndani kwa ndani, najiuliza sasa kosa langu liko wapi leo.

Kipindi hicho hicho nikawa nachanganya mchele.

Kwa asiyejua, mchele wa Kyela una harufu yake na watu wanaulipia. Unachukua gunia la Kyela unachanganya nusu kwa nusu na mchele wa kawaida wa bei ya chini, unauza wote kwa jina la Kyela. Tofauti ilikuwa kama 600 kwa kilo, kwa hiyo gunia moja la kilo 100 linakupa 30,000 ya bure. Nilikuwa natoa gunia tatu kwa wiki. Nilianza kwa sababu jirani yangu anafanya, bei yangu ya halali ikawa haiendi. Kazi ya kuchanganya nilikuwa naifanya mwenyewe na koleo, usiku, baada ya isha. Nikitoka msikitini moja kwa moja nakwenda stoo. Haikunijia hata mara moja kwamba yule aliyekuwa anasema iyyaka naabudu dakika kumi zilizopita, wewe tu tunakuabudu, ndo huyu ameshika koleo.

2022, sikumbuki tarehe ila ilikuwa kabla ya Ramadhani, kulikuwa na darsa kati ya magharibi na isha kwenye msikiti wa mtaani kwetu. Kwa kawaida nilikuwa natoka, siku ile mvua ilinyesha nikabaki. Ustadh akasoma hadithi iliyoko kwa Muslim, kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alipita sokoni kwenye rundo la chakula akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Akauliza, ni nini hiki ewe mwenye chakula? Yule mtu akasema kimenyeshewa mvua ewe Mjumbe wa Allah. Akamwambia, kwa nini hukukiweka juu watu wakakiona? Anayetughushi si katika sisi.

Mimi ni mtu wa nafaka. Wengine waliisikia hadithi, mimi niliuona ule mkono unaingia kwenye rundo langu. Mwenye chakula yule alikuwa Madina, na mbele yake amesimama Mtume mwenyewe, na bado akaambiwa maneno yale kwa sababu ya unyevu tu wa mvua, sasa mimi niliyekaa na koleo?

Sitaki niseme nilitubia pale pale mana sikutubia. Nilikasirika. Nilihisi kama ustadh ameambiwa habari zangu akanisema hadharani, nikahama msikiti, kwa wiki tano hivi nikawa naswali kwingine. Kwenye zile wiki tano nikajikuta nashindwa kushika koleo, nachanganya gunia moja badala ya tatu, alafu nashindwa kulala. Mke wangu akaniuliza, baba watoto una nini? Nikasema presha ya biashara.

Mwisho nikamfuata ustadh nyumbani kwake. Nikamweleza yote, mkopo, mbuzi, koleo. Hakunishangaa. Akanisomea aya ya 11 ya Suratul Hajj, inayosema katika watu yuko anayemuabudu Allah ukingoni, ikimpata kheri anatulia, ukimpata mtihani anageuza uso wake. Akaniuliza, hii unaijua? Nilikuwa naijua kwa Kiarabu tangu mtoto, maana yake sikuwahi kuisikia. Alafu akanieleza neno lenyewe ibada. Akasema limetokana na utumwa, kuwa mja, na mja hana zamu, hamalizi kazi saa kumi akarudi kwao akawa mtu huru mpaka kesho asubuhi. Swala umeitiwa mara tano ili ukumbushwe wewe ni wa nani, ukitoka hapo ukiwa kwenye mizani bado ni wake, ukiwa kitandani na mkeo ni wake, ukigombana na mpangaji mwenzio ni wake. Ndo maana wanazuoni wakasema ibada ni kila anachokipenda Allah na kukiridhia, maneno na matendo, ya nje na ya ndani. Akasema wewe umempa dakika zako arobaini kwa siku, zilizobaki ukasema zangu.

Nililia kule, sioni aibu kusema.

Sasa hapa ndo penye gharama, na nawaambia ukweli ili mtu asidhani toba ni machozi. Nilimuuliza nifanye nini. Akasema haki ya Allah unamuomba msamaha, haki ya watu inarudi kwa watu, unaowajua nenda kwao, usiowajua toa sadaka kwa niaba yao kwa makadirio ambayo moyo wako utatulia. Tukapiga hesabu, gunia tatu kwa wiki ni 90,000, kwa mwezi kama 360,000, kwa ile miezi kama 25 niliyofanya ule mchezo inakuja 9,000,000. Sikuwa nayo. Nikaanza kutoa 150,000 kila mwezi, nyingine kwa kituo cha yatima, nyingine kwa wagonjwa ninaowajua mtaani, na bado natoa mpaka leo. Kuna mwezi ada za watoto zimegongana nikatoa 50,000, mwezi uliofuata nikafidia.

Wateja wa kudumu niliwafuata mmoja mmoja. Nilianza na mama mmoja muuza chakula, alikuwa anachukua kwangu kilo 25 kila wiki, ameninunulia tangu nimeanza, ananiita mwanangu. Nikamwambia mama, mchele niliokuwa nakuuzia haukuwa wa Kyela mtupu, nimekuja kukuomba radhi na kukurudishia tofauti. Akanyamaza muda mrefu. Alafu akasema, kwa hiyo na mimi nilikuwa nawadanganya wateja wangu bila kujua? Hela alipokea. Radhi alisema amenipa. Lakini dukani kwangu hajarudi tena, na kati ya tisa niliowafuata wanne waliondoka. Mauzo yalishuka kama miezi saba, tukapunguza matumizi, tukahama nyumba ya vyumba vitatu kwenda ya viwili. Kama unategemea ukitubia kila kitu kinanyooka kesho yake, hiyo ndo ile ile hesabu ya marejesho imerudi kwa mlango mwingine, na mimi ilinijia mara nyingi sana kipindi kile.

Kuhusu swala nilizoziacha miaka tisa. Niliuliza na jibu nililopewa ndo msimamo wa wanazuoni wengi, na sisi wa pwani tunaofuata madhehebu ya Shafi ndo tulivyosomeshwa, kwamba unalipa. Nikapiga hesabu, siku 3,285, swala 16,425. Ukiiangalia namba hiyo unaweza kukata tamaa ukaacha vyote. Ustadh akanifundisha kila fardhi, yaani swala ya lazima, niambatanishe na moja ya kulipa, yaani ukiswali adhuhuri ya leo unaswali na adhuhuri moja ya deni, hivo kila siku inalipa siku. Nilinunua daftari, kila usiku naweka alama. Mpaka naandika hapa nimelipa siku 1,096, zimebaki 2,189. Nilimuuliza sasa hili nalo si marejesho? Akacheka kidogo akasema Mtume mwenyewe ameita deni, kasema deni la Allah ndilo lenye haki zaidi ya kulipwa, tofauti ni unadaiwa na nani. Yule wa Jumatatu ukimalizana naye hutaki kumuona tena.

Kuna makosa mengine niliyafanya baada ya hapo ambayo sitaki mtu ayarudie. Nilipopata moto ule wa mwanzo nikajitwisha kila kitu, tahajud, ile swala ya usiku wa manane, kila usiku, funga Jumatatu na Alhamisi, juzuu moja kwa siku, na huku saa tisa usiku nina lori la kushusha. Wiki ya tatu nililala alfajiri mpaka jua limetoka, kesho yake tena. Fardhi ikaondoka kwa sababu ya sunna. Bibi Aisha amepokea kwamba amali anazozipenda Allah zaidi ni zile za kudumu hata zikiwa chache, iko kwa Bukhari na Muslim. Nikapunguza, nikabaki na witri, ile swala fupi ya kufungia usiku, kabla sijalala na kurasa mbili za msahafu. Hizo sijaziacha.

Kosa lingine ni udhu. Miaka yote nimetawadha mbio, sisi watu wa sokoni visigino vimepasuka vimeshika vumbi, maji yanapita juu juu. Siku moja mzee mmoja pale kwenye mabomba akanigusa bega akasema, mwanangu visigino vyako vikavu, Mtume ameonya visigino na moto. Niliumia kidogo lakini nilirudia udhu. Nakuomba usiogope kuulizia vitu vya mwanzo kabisa hata kama una ndevu na watoto, muulize mtu unayemwamini akuangalie unavyotawadha na unavyorukuu.

Na dukani, nilikuwa naogopa kufunga wakati wa swala mteja asiondoke. Tulichofanya ni kukubaliana na jirani yangu ambaye ni Mkristo, nikienda msikitini anaangalia kwangu, Jumapili asubuhi naangalia kwake. Kuomba tu ndo ilikuwa kazi, yeye alikubali siku hiyo hiyo. Bado namshukuru.

2023 mwezi wa nane bi mkubwa akapata kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, maneno yakawa yanatoka nusu. Nikamleta kwangu, mimi ndo mtoto wake wa karibu. Kumgeuza ili asipate vidonda, kumlisha uji kwa kijiko, pampasi mke wangu na dada yangu, usiku mimi ndo nalala chini karibu na kitanda chake. Swala za jamaa msikitini nikaanza kuzikosa, alfajiri na isha hasa, na nikaingia tena kwenye huzuni, nikaona imani inaporomoka, miezi yote ile nimejenga leo naswali nyumbani peke yangu kama mwanzo. Nikamwambia ustadh. Akanikumbusha yule kijana aliyemjia Mtume akiomba ruhusa ya jihadi, akaulizwa wazazi wako wako hai? Akasema ndiyo. Akaambiwa basi pambana kwa ajili yao. Akaniambia ile pampasi anayobadilisha mke wako ni ibada, na wewe kumshukuru mke wako ni ibada, na hujamshukuru. Kweli nilikuwa sijamshukuru.

Mama mwenyewe alikuwa na hofu moja tu kubwa. Hakuwa na hofu ya kufa. Alikuwa analia kwamba hawezi kuswali, mwili hauna tohara, hawezi kusimama. Tulimweleza polepole hadithi ya Imran bin Husayn aliyekuwa mgonjwa akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Kwa wenye wagonjwa nyumbani, jueni hili na mwambieni mgonjwa wenu mapema, usimwache na hiyo huzuni wakati dini imeshamrahisishia. Anayeshindwa kutawadha anasaidiwa, maji yakimdhuru kuna kutayamamu, kujipangusa kwa udongo safi, anayeshindwa kuinama anaashiria kwa kichwa, kichwa kikishindwa kwa macho. Anachoweza ndo anachodaiwa.

Basi ikawa adhana ikisikika ananiangalia, ananiuliza kwa lile neno lake la nusu kama wameadhini. Naadhini na mimi pale chumbani kwa sauti ndogo, mke wangu anamsaidia udhu kwa bakuli na kitambaa, namgeuza kuelekea kibla, nasimama mbele kidogo ya kitanda na yeye ananifuata. Siku za mwanzo nilikuwa naswali kwa kasi yangu, nikitoa salamu nageuka namkuta bado midomo inahangaika na Alhamdu ya rakaa ya pili, machozi yamejaa. Nilikuwa namwacha nyuma mama yangu.

Siku hizi nikimaliza kusoma nanyamaza. Nasikiliza ule mnong'ono wake nyuma yangu, neno moja, anapumzika, neno lingine. Namsubiri mpaka utulie, ndo narukuu.